Nani Aliketi na Shangazi?

Mwaka 2002 nilikabidhiwa ufunguo wa stoo ya michezo. Mipira iliyopasuka na nyavu zilizooza zilitolewa, ikaletwa meza moja na viti viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, na fundi akaandika mlangoni kwa rangi nyeupe: USHAURI NASAHA. Nilikuwa katika mwaka wangu wa pili wa kazi, shule ya kutwa wilayani Kilifi, nikifundisha Kiswahili na Historia. Hakuna aliyeniuliza kama kazi hiyo niliisomea. Mwalimu mkuu alisema tu, "Wewe una maneno mazuri, watoto watakusikia."

Vyumba kama kile vilikuwa vikifunguliwa Kenya nzima. Machi 2001 bweni la shule ya Kyanguli, kule Machakos, liliteketezwa usiku, wavulana zaidi ya 60 wakafia ndani. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kiboko shuleni. Kila aliyesimama kuzungumzia shule alisema dawa ni ushauri nasaha, na kwa kuwa washauri waliosomea hawakuwepo, walimu tukapewa funguo. Fimbo ilituondoka mkononi, na wengi wetu, nami nikiwemo, tukauchukua ulimi tukautumia palepale ilipokuwa fimbo.

Kuna kijana wa kidato cha tatu alikuja Jumatano moja baada ya kengele ya saa kumi. Alikuwa mrefu, na nikamkalisha kwenye kile kiti kifupi, magoti yakamfika kifuani. Mkononi alishika kalamu ya wino, akawa anachomoa kifuniko na kukirudisha, anachomoa na kukirudisha. Akasema, "Mwalimu, nyumbani mambo si mazuri." Basi. Sentensi moja. Mimi nikaidaka na kuanza. Nilimwambia mvumilivu hula mbivu. Nilimwambia baada ya dhiki faraja. Nilimsimulia habari za mwanafunzi aliyesoma kwa kibatari akafika chuo kikuu. Nilizungumza karibu dakika arubaini, na moyoni nilijiona nafanya kazi njema. Nilipotua, alikirudisha kifuniko cha kalamu mahali pake, taratibu, akasimama. "Asante, mwalimu." Chumbani kwangu hakurudi tena, na muhula uliofuata hakurudi shuleni.

Nilionana naye 2009, stendi ya Mtwapa, akiendesha boda boda. Alinifikisha nyumbani, akakataa nauli. Nikamuuliza siku ile kulikuwa na nini. Alitazama usukani wa pikipiki yake kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, siku ile ulisema maneno mazuri sana. Kuna kitu nilitaka kukwambia, halafu nikaona umeshamaliza." Hakunieleza ni kitu gani, nami kwa mara ya kwanza sikumsukuma. Usiku huo ndipo nilipoamua kwenda kusomea kazi niliyokuwa nikiifanya kwa miaka saba.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na neno likinichoma hulifukua mpaka mzizi. Ushauri na nasaha ni maneno mawili ya asili ya Kiarabu tuliyoyafunga kamba moja. Shauri lina heshima yake, maana linahitaji watu wawili wanaokaa wakatafuta pamoja. Lakini nasaha ina mmoja anayejua na mmoja anayeambiwa. Neno hilo likaenea nchini, kwenye vituo vya kupima ukimwi, shuleni, kanisani na msikitini, na popote lilipofika liliwapa watu ruhusa ya kusema. Sasa chukua mtu aliyelelewa na neno hilo umpeleke akasomee taaluma ambayo somo lake la kwanza ni kunyamaza. Ndiyo safari niliyoianza, na nadhani ndiyo iliyo mbele ya kila Mswahili anayejaza fomu za shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri nasaha. Jina lenyewe la shahada linamdanganya kuhusu kazi anayoiendea.

Neno mteja nalo lilinitaabisha. Wasomi wa fani hii wanamwita hivyo anayekuja kusaidiwa, na Carl Rogers, Mmarekani aliyezaliwa 1902, ni miongoni mwa waliolieneza kwa lugha yao, kwa sababu hakutaka mtu aitwe mgonjwa. Nia yake ilikuwa kumpa heshima. Huku kwetu Pwani, ukisema teja watu wanamwona kijana aliyeharibiwa na unga, amejikunja pembeni ya ukuta. Na kwenye simu, mteja ni yule asiyepatikana kwa sasa. Nilipoanza kusoma vitabu vya Rogers kwa kujiandaa, niliandika neno hilo pambizoni mara nyingi nikitafuta jingine. Sijalipata hadi leo. Darasani na kazini husema "aliyekuja", na wenzangu wamezoea.

Chuo nilichokitaka kiko Nairobi, na kilikuwa na utaratibu unaotufaa sisi walimu: unasoma likizo za Aprili, Agosti na Desemba, muhula ukianza unarudi kwa wanafunzi wako. Walitaka shahada ya kwanza ya daraja la pili la juu, au la chini ukiwa na uzoefu wa kazi. Mimi nilikuwa na la chini na uzoefu wa stoo ya michezo. Walitaka nakala ya matokeo iliyotiwa muhuri, risiti ya benki ya ada ya maombi, barua tatu za watu wanaokufahamu, na kurasa mbili ulizoandika mwenyewe ukieleza kwa nini unataka kuwa mshauri. Hayo mengine yote ni mguu na njia: unaamka, unapanga foleni, unayapata. Kazi ilikuwa kwenye zile kurasa mbili.

Baba yangu alikufa maji mwaka 1989, wakati wa kusi, nikiwa na miaka 13. Hilo ndilo nililoliandika. Nilieleza mashua ilivyorudi bila yeye, nikaeleza mama alivyoanguka, nikaeleza karo iliyokosekana na usiku niliolala na njaa. Nikaandika kwamba kwa kuwa nimeumia najua maumivu ya wengine, na ninataka kusaidia watu. Niliandika kwa Kiingereza, na Kiingereza kikanipa ujasiri mbaya: yale ambayo kwa Kiswahili nisingeyasema mbele ya wageni, kwa lugha ile yalitoka kama vile yamempata mtu mwingine. Nililia nikiandika, nikadhani machozi ni ushahidi wa uandishi mzuri. Barua moja ya kunipendekeza niliiomba kwa mkubwa mmoja wa elimu ambaye tulikutana mara mbili maishani, kwa sababu muhuri wake ulikuwa mkubwa. Mwaka 2010 jibu likaja, mistari miwili. Sikuchaguliwa.

Nilizichukua zile kurasa mbili nikampelekea dada mmoja, muuguzi aliyekuwa amefanya kazi ya ushauri hospitalini kwa miaka mingi, anayeishi Mji wa Kale, Mombasa. Tulikaa barazani kwake. Alisoma kurasa zote mbili bila kusema neno, kahawa yake ikapoa. Kisha akaziweka mapajani.

"Mdogo wangu," akasema, "hapa aliyekuja kusaidiwa nimemwona, na moyo umeniuma. Aliyekuja kusaidia yuko wapi?"

Nilijaribu kujitetea. Nikasema si wanataka kujua nimepitia nini. Akasema wanataka kujua umefanya nini na uliyoyapitia. Akanipa mfano ambao sijausahau. Binti wa shule anakuja kwako, babake kafa jana. Anaanza kusimulia, na wewe ndani yako mashua inarudi bila mtu. Machozi yanakutoka. Yule mtoto anakuona, anaacha habari zake, anaanza kukupoza wewe. "Atatoka chumbani kwako amebeba maiti mbili," akasema. Watu wa chuo hawakuogopa kidonda changu. Waliogopa kwa sababu hakuna mahali popote kwenye zile kurasa palipoonyesha kwamba kuna siku kiliwahi kufungwa.

Ningependa kila anayejaza fomu hizi aketi na mtu kama yule kabla ya kuzituma. Tunafundishwa tangu shule ya msingi kwamba insha nzuri ya maisha yako ni ile inayomliza msomaji, na wengi tunaipeleka kanuni hiyo mahali ambapo inatufungia mlango.

Mwaka uliofuata nilianza upya. Aya ya kwanza niliianza na kijana, kiti kifupi na kifuniko cha kalamu. Niliandika kosa langu lote, dakika zile arubaini, na maneno aliyonirudishia Mtwapa. Ilikuwa vigumu kuliko kuandika kifo. Kwenye kifo nilikuwa mtoto aliyeonewa na bahari, lakini humu nilikuwa mtu mzima niliyemfunga mtoto mdomo.

Halafu nilitaka kuandika kuhusu Rogers. Nilikuwa nimesoma makala yake ya 1957, ile anayosema kinachombadilisha mtu ni kukutana na mwenzake aliye mkweli nafsini mwake, anayempokea bila masharti, anayejitahidi kuyaona mambo kwa macho ya yule anayesema, na yule anayesema akahisi kwamba ameonwa. Nilikuwa na aya nzima tayari. Nikiisoma kwa sauti, ghafla nikaona ninamweleza mtu ninayemjua, na hakuwa Mmarekani.

Baba alipozikwa, siku tatu za tanga nyumba ilijaa. Kila mwanamke aliyeingia kwa mama alikuja na neno. Subiri, Mungu atakulipa. Usilie mbele ya watoto. Wewe bado kijana, maisha yapo mbele. Yalikuwa maneno mazuri yote, na mama aliyaitikia yote kwa kichwa. Hitima ikasomwa, watu wakatawanyika, mama akabaki kwenye eda, miezi minne na siku kumi, ndani, kwenye nguo nyeupe. Aliyebaki naye ni shangazi. Alitoka Malindi akaacha nyumba yake na watoto wake, akaja na mfuko mmoja wa nguo.

Mimi nilikuwa msichana wa kutumwa maji, naingia na kutoka, na nilichokiona ni hiki. Kila siku baada ya adhuhuri shangazi alichukua uteo, akamimina mchele, akauweka katikati yake na mama juu ya mkeka. Wakawa wanachagua, wanatoa mawe na chuya. Wiki nzima hawakusema lolote zaidi ya "nipe hapo" na "huu una mawe mengi". Siku moja, sijui ya ngapi, mama akasema bila kuinua macho, "Wifi, asubuhi ile alitaka chai ya pili nikamwambia majani yameisha, na yalikuwepo." Nilisimama mlangoni na ndoo. Nilisubiri shangazi amwambie usijilaumu. Hakumwambia. Vidole vyake, vilivyokuwa vikikimbia kwenye mchele, vilipunguza mwendo, vikawa vinasogeza punje mojamoja. Baada ya muda akasema, "Yalikuwepo." Vivyo hivyo, kama aliyelipokea neno na kuliweka chini kwa uangalifu. Mama akaanza kulia, kilio ambacho siku tatu za tanga hazikukitoa, na akaendelea kusema mpaka alasiri.

Rogers niliyemwandikia aya nzima nikamfuta, nikaandika hayo. Na safari hii barua moja niliiomba kwa karani wa shule yetu, mama ambaye meza yake ilitazamana na mlango wangu. Ndiye aliyejua ni watoto wangapi waliingia wakatoka mapema, na ndiye aliyegundua, kabla yangu, kwamba tangu 2009 walikuwa wanakaa zaidi. Nilikuwa nimebadilisha viti, vyote viwili sasa vifupi. Sikujua kama chuo kingekubali barua ya karani. Walikubali.

Niliitwa kwenye mahojiano. Nilipanda basi la usiku kutoka Mombasa, nikaoga kwa binamu yangu Eastleigh, nikafika saa mbili asubuhi. Walikuwa watatu. Mmoja aliniuliza ningefanya nini mwanafunzi akiniambia hataki tena kuishi. Hilo si swali la kitabuni kwa mwalimu. Wakati ule kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai chini ya kifungu cha 226 cha sheria yetu ya adhabu, na kulibaki hivyo mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Shuleni tulikuwa tunaogopa hata kuliandika jambo kama hilo kwenye daftari, mtoto asije akapelekwa kituo cha polisi badala ya hospitali. Niliwaambia nisingemuahidi siri nisiyoweza kuitunza. Ningemuuliza waziwazi, kwa neno lenyewe, kama anafikiria kujiua, nisimwache peke yake, na nimtafutie daktari na mtu wa nyumbani anayemwamini yeye, si ninayemwamini mimi. Walinisikiliza, wakaandika.

Mkubwa wao, mama mwenye nywele nyeupe aliyekaa mwisho wa meza, alikuwa hajasema kitu. Alifungua zile kurasa zangu mbili. Mahojiano yote yalikuwa kwa Kiingereza, lakini yeye aliniuliza kwa Kiswahili.

"Huyu shangazi. Marehemu alikuwa nani wake?"

"Kaka yake," nikasema. "Tumbo moja."

"Na yeye nani aliketi naye?"

Nje kulikuwa na mtu anakata nyasi kwa mashine. Nakumbuka sauti ile ikija na kwenda. Nilifungua kinywa, na kwa miaka yote niliyoishi na kumbukumbu ile sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimemuona shangazi akimbeba mama kwa miezi minne, nimemsifu, nimemfanya mwalimu wangu wa fani hii, na sikuwahi kukumbuka kwamba maiti ile ilikuwa yake pia.

"Sijui," nikasema. "Sijawahi kumuuliza."

Hakutabasamu, hakukunja uso. Alinitazama kwa muda mrefu, akaandika neno moja, akafunga faili. Nilirudi Kilifi nikiamini nimeanguka.

Barua ya kukubaliwa ilikuja mwanzoni mwa 2012. Ilikuwa na sharti ambalo zamani lingenishangaza: kabla ya kuruhusiwa kukaa na mtu yeyote kama mwanagenzi, kila mwanafunzi lazima yeye mwenyewe aende kwa mshauri kwa saa kadhaa, akae kwenye kile kiti kingine. Wenzangu wengi waliliona sharti hilo kama gharama tu. Mkopo wa ushirika ulikuwa umeshaniumiza mimi pia. Lakini nilielewa kwamba swali la yule mama na sharti lile vilikuwa kitu kimoja. Mwaka 2014, nikiwa bado masomoni, Bunge lilipitisha sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na kazi yetu ikaanza kuwa na daftari la waliosajiliwa. Nililifurahia sana jambo hilo. Stoo nyingi bado zipo zenye mwalimu aliyepewa ufunguo tu, na watoto wanaingia humo na sentensi moja.

Kabla ya kwenda Nairobi kwa likizo ya kwanza ya masomo, nilikwenda Malindi. Shangazi alikuwa amezeeka, macho yameanza kufifia, amekaa ukumbini kwenye mkeka. Nikamwamkia, akaniitikia, akanivuta mkono niketi. Aliniuliza habari za watoto na za mama. Kisha akaagiza uteo uletwe, akamimina mchele, akausogeza katikati yetu.

Nilichagua kidogo. Nikasema, "Shangazi, baba alipokufa, ulikaa na mama mpaka akatoka eda. Wewe nani aliketi nawe?"

Mkono wake ulisimama juu ya mchele. Nilikuwa na maneno matatu au manne tayari ulimini, yote mazuri. Niliyaacha hapohapo.

"Kaka yangu," akasema, "tangu mdogo alikuwa haogopi kusi." Akatoa jiwe, akaliweka pembeni ya mkeka. Akaanza kunieleza walivyokuwa watoto wawili, habari ambazo sikuwahi kuzisikia na ambazo, aliniambia baadaye, hakuwahi kuzisema. Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, akanyamaza mpaka ikaisha, akaendelea palepale alipoachia. Mchele ulikuwa umeshatakata kitambo. Tuliendelea kuuchagua.